Aliyetufundisha Kuivisha Mafuta

Mama Mwenye Nyumba alimkabidhi kila mpangaji mpya vitu viwili: ufunguo wa chumba na mfuniko wa sufuria. Ufunguo ulieleweka. Mfuniko ulimfanya mtu abaki amesimama mlangoni akiugeuzageuza. "Huo ni wa karai," alisema. "Mafuta yakishika moto unafunika, unatulia. Maji hapana. Ukikimbilia maji utaungua wewe na nyumba yangu itaungua, na mimi nyumba ninayo hii moja tu." Aliyasema hayo bila kutabasamu, nasi tulimcheka tukishaingia ndani, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na karai.

Nilihamia kwake Ihumwa wakati ofisi zilipokuwa zikitoka Dar es Salaam kuja Dodoma, na sisi wa masjala tukahama pamoja na majalada yetu. Tulikuwa wapangaji watano katika vyumba vilivyopangana upande mmoja wa uwanja. Yeye alikaa peke yake upande wa pili, katika nyumba ya zamani yenye baraza fupi. Dar hatukuwa watu wa kukaanga. Chipsi ziko kona, mihogo iko kona, maandazi yanapitishwa mlangoni asubuhi yakiwa bado ya moto. Ihumwa ya wakati ule ilikuwa na reli, upepo, na viwanja vilivyopimwa ambavyo havikuwa na hata kibanda. Wiki ya kwanza nilikula mkate na chai, asubuhi na jioni. Wiki ya pili nikaanza kuongea peke yangu. Jumamosi ya wiki hiyo Mama Mwenye Nyumba alitoka barazani akatusalimu wote kwa Kigogo, kwa sauti iliyofika vyumba vyote, "Mbukwenyi!" Kisha akaendelea kwa Kiswahili, "Anayetaka kujifunza kukaanga aje, na mfuniko wake mkononi."

Sasa hayupo. Msibani watu walimsifu kwa mengi, ukarimu wake, kwaya, uvumilivu wa ujane, na hakuna aliyetaja mafuta. Nilikaa kwenye mkeka nikitamani kusimama niyataje, nikashindwa, kwa sababu sikuwa na haki hiyo. Mwanamke yule hakuomba makubwa duniani. Alitaka kubaki kwenye nyumba yake, na jiko lake, mpaka mwisho wake. Aliondolewa vyote viwili, na aliyesababisha ni mimi. Nitalifikia hilo. Naomba kwanza nimseme alivyokuwa, maana alikuwa mtu wa kusemwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa neno moja: kuivisha. Tulidhani anasema kuivisha chakula. Alikuwa anasema kuivisha mafuta, nasi tukaangaliana, maana mafuta ya dukani tuliyoyazoea hayaivishwi, yanamiminwa tu. Lakini mafuta ya huku ni ya alizeti, yanakamuliwa kwenye mashine ndogo za mtaani na kuuzwa kwenye madumu yakiwa mabichi, mazito, yana harufu ya mbegu. Ukiyaweka motoni na kutumbukiza kitu papo hapo, yanatoa povu, na povu hilo linapanda mpaka linamwagikia jiko. Kwa hiyo unayaweka motoni peke yake, moto wa wastani, unatia vipande viwili vya kitunguu, unangoja. Povu linapanda, unapunguza moto. Linashuka. Kitunguu kinakuwa cheusi, mafuta yanatulia, unaepua, yanapoa, unayamimina kwenye dumu lake. Kwa sababu hiyo alikuwa na madumu mawili kando ya jiko, la mafuta mabichi na la mafuta yaliyoiva, na shingoni mwa moja alikuwa amefunga kitambaa cha khanga kuukuu. Sisi tuliyatofautisha kwa rangi. Kile kitambaa nilidhani ni cha kufutia matone.

Aliyelipuuza somo hilo alikuwa kaka dereva wa chumba cha tatu. Siku ya somo alikuwa safarini, akarudi na dumu la lita tano alilonunua Kibaigwa, akawasha jiko, akamenya viazi, akavitumbukiza. Tulisikia kelele tukatoka. Povu lilikuwa limeshafika ukingoni mwa karai naye amerudi nyuma hadi ukutani. "Mama!" alipiga kelele. "Nimepigwa! Wameniuzia sabuni!" Mama Mwenye Nyumba alivuka uwanja bila haraka, akasogeza karai pembeni ya moto, akachovya ncha ya kidole kwenye dumu, akalamba. "Mafuta mazuri haya," akamwambia. "Wewe ndiye mbichi." Tangu hapo jina la kaka yule kwetu likawa Sabuni, na mpaka leo nikimpigia simu ndilo ninalomwitia.

Alitufundisha kwa masikio. Hakuwahi kusema mafuta yamefika joto gani, alisema yanafanya nini. Yakiwa na povu, yanalalamika. Yakitulia, yamenyamaza, na hapo unaweza kutia kidonge cha unga kidogo, kizame kidogo kisha kiibuke chenyewe. Yakianza kutoa moshi, yanavuta sigara, na mafuta yanayovuta sigara unayaondoa motoni hata kama wageni wameshakaa mezani. "Sikia," alituambia tukiinama kuchungulia. "Unachungulia nini humo? Sikia." Kiazi kikavu kikiingia kwenye mafuta yaliyo tayari, kinatoa mlio wa mvua nyepesi juu ya bati. Mlio ukipungua, maji ya ndani yanaisha, jiandae kutoa. Tulimwona mwalimu hodari mwenye mbinu zake, tukawaeleza na wenzetu ofisini.

Mimi nilikuwa mwoga kuliko wote. Samaki wangu wa kwanza nilimrusha nikiwa mbali, kama mtu anayemrushia jiwe mbwa, na mafuta yakanirukia mpaka shingoni. Alinimwagia maji baridi, kikombe baada ya kikombe, kutoka kwenye ndoo aliyotunyima kufulia asubuhi ile. Kisha akanirudisha palepale. "Masjala," aliniita hivyo akiwa na utani, "majalada huwa unayatupa hivyo? Chakula unakilaza. Unamkausha samaki kwa kitambaa, kila mahali, mpaka ndani ya tumbo. Unashika mkia. Unalaza kichwa upande wako kwanza, unamlaza kuelekea kule, mbali na wewe. Polepole, kama unamlaza mtoto asiamke." Alinishika kifundo cha mkono tukamlaza samaki wa pili pamoja. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunishika mkono kunifundisha jambo. Sikumwambia hilo. Nilisema moshi unaniumiza macho.

Mikono yake ilikuwa na makovu, mengine madogo kama punje za mtama, mengine marefu. Alipika miaka mingi kwenye jiko la shule ya bweni, na kila kovu alilijua kwa jina. "Hili la samaki mwenye maji. Hili la mpini wa karai niliouelekeza njiani, mtu akapita akaugonga. Hili refu ni la kuongea." Kuongea wakati wa kukaanga kulikuwa mwiko kwa wote isipokuwa yeye. Yeye aliongea tangu mafuta yanalalamika mpaka andazi la mwisho, habari za kanisani, habari za ng'ombe wa kaka yake, nani kajenga uzio ndani ya kiwanja cha nani. Ukijaribu kuitikia, anakunyamazisha. "Wewe bado," anasema.

Na jambo ambalo hatukulielewa kabisa ni kwamba yeye mwenyewe hakula vya kukaanga. Alikaanga maandazi, kachori, mihogo, samaki, akagawa vyumba vyote, akapeleka kwa akina mama wa kanisani, kisha akarudi kwenye ugali wake wa uwele na mlenda. "Tumbo langu mimi ni la kuchemsha," alisema. Kukaanga kwake ilikuwa kazi ya kupendeza watu. Maji alitubania kama dawa, ukioga ndoo nzima utasikia habari zako barazani, lakini mafuta alimimina mpaka nusu ya karai na akimwona anayeanza anakaangia mafuta ya kijiko anamwonea huruma. "Hayo yatanywewa na kiazi. Weka mafuta ya kutosha, kiazi kiogelee, kitakunywa kidogo." Sabuni alibisha, akapima siku mbili kwa chupa, akakubali.

Alichukia uongo. Mpangaji aliyemdanganya kwamba alishafagia uwanja hakusalimiwa siku tatu. Lakini Jumapili, simu ya mwanawe ikipigwa, alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko na karai liko motoni, na anajibu kwa sauti ya mtu aliyejilaza, "Nimepumzika mwanangu. Hapana, sijawasha jiko. Watoto wa vyumbani wameniletea chai." Akikata simu anatutazama mmoja mmoja. "Huo si uongo," anasema. "Hiyo ni amani."

Huyo ni mwanawe pekee, binti, anafanya kazi upande wa Chimwaga, karibu na chuo. Si mtu mbaya, na naomba asichukuliwe vibaya katika habari hii. Ndiye aliyempeleka mama yake hospitali na kuambiwa kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakitarudi na kilichobaki kitapungua. Alikuja siku hiyo hiyo akasimama uwanjani, akamwambia mama yake mbele yetu sote, akiwa analia, "Mama, nakuacha hapa kwa sababu umenililia. Lakini siku utakayoungua, nakuja kukuchukua. Na kule kwangu hutagusa jiko." Mama Mwenye Nyumba alijibu, "Sawa mwanangu, nisipoungua usije." Tukacheka. Ndipo tulipoanza kukumbuka mambo: kwamba alitusalimu kwa majina kabla hatujafika karibu, akisikiliza viatu. Kwamba alipapasa ukuta akienda chooni akijidai anakagua nyufa. Kwamba lile "sikia, sikia" lilikuwa ndilo jicho lake. Tulianza tu kuondoa ndoo njiani.

Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa vumbi, wakati upepo unapovuma mchana kutwa na kila mtu ana mafua. Jumamosi nilijitolea kufanya usafi jikoni kwake, nikajiona mtoto mwema. Nikaosha masufuria, nikasugua chini, nikakusanya vitambaa vyote nikavifua, nikavianika, jioni nikavirudisha kila kimoja mahali pake. Jumatatu nilikuwa chumbani na homa ya malaria, sikwenda kazini. Yeye alikuwa anakaanga maandazi ya akina mama wa kanisani. Nilisikia anaongea peke yake kama kawaida, kisha akanyamaza katikati ya neno. Nikainuka kitandani.

Povu lilikuwa limeshamwagika. Moto ulikuwa umepanda kutoka kwenye mkaa, umeshika ukingo wa karai, na upindo wa khanga yake ulikuwa unaungua. Alikuwa amesimama mkono mmoja mbele, anapapasa hewa kutafuta mfuniko, na mfuniko uko kwenye kigoda, hatua moja kulia kwake. Niliufunika moto, nikamvua khanga, nikaikanyaga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Hakulia. Nilimmwagia maji, naye alikuwa anarudia jambo moja, "Nilishika kitambaa. Nilishika kitambaa." Nilidhani amechanganyikiwa kwa maumivu. Nikamwambia, "Ndiyo Mama, tulia." Muuguzi wa zahanati alimfunga bendeji akasema atapona.

Tukiwa njiani kurudi alinishika. "Mwanangu. Usimwambie."

"Simwambii, Mama."

"Sema vizuri."

"Haki ya Mungu simwambii."

Nilikaa nalo siku nane. Nilikuwa nikiamka asubuhi naona jinsi alivyokuwa anapapasa hewa. Nilijiuliza kama nisingekuwa na homa siku ile ingekuwaje, na jibu nililijua. Mtu asiyeweza kutofautisha dumu la mafuta mabichi na la yaliyoiva, nilijiambia, hawezi kuachwa na moto. Siku ya nane, nikiwa ofisini, katikati ya makabati ya majalada, nilimpigia binti yake. Nilimweleza yote. Mwisho nikasema, "Naomba usimwambie ni mimi." Akasema, "Dada, Mungu akubariki. Sitamwambia." Alitimiza ahadi yake. Kati yetu wawili, ni yeye aliyetimiza.

Walikuja na gari siku ya mapumziko. Mama Mwenye Nyumba alivaa gauni lake la kanisani akakaa kwenye kiti barazani, mikono mapajani, wakati vitu vyake vinabebwa. Hakubishana. Nilitegemea kelele, nilijiandaa kwa kelele, na angepiga kelele ningepata nafuu. Aliuliza jambo moja tu, "Jiko mmeshalitoa?" Binti yake akasema, "Kule kuna jiko la gesi, Mama, na kuna dada anapika." Akatikisa kichwa. Wapangaji tulimpa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliushikilia muda mrefu, akasema, "Utaendelea kukaanga, Masjala?" Nikasema nitaendelea. Karai na madumu binti yake aliniachia mimi, akisema mimi ndiye niliyekuwa karibu naye.

Nilikaa wiki tatu bila kuyagusa. Jumamosi moja nikajilazimisha. Nilikanda unga, nikawasha jiko. Ilikuwa jioni, mwanga umepungua, rangi ya mafuta haionekani vizuri. Nikakumbuka alivyozoea kufanya yeye, anapeleka mkono bila kutazama, anashika dumu lenye kitambaa, anamimina. Nami nikashika lenye kitambaa, nikamimina, nikangoja yapate moto, nikalaza andazi la kwanza. Povu likapanda.

Nilisogeza karai pembeni, nikakaa chini kwenye sakafu. Jumamosi ile ya usafi mimi ndiye niliyefungua kile kitambaa. Nilikifua, nikakianika, nikakifunga tena shingoni mwa dumu lililokuwa karibu na mkono wangu, kwa sababu kwangu kilikuwa kitambaa cha kufutia matone. Kwake kilikuwa alama ya mafuta yaliyoiva. Hakuwa amekosea. Alishika kitambaa, kama alivyosema, na mafua ya vumbi yalikuwa yameziba pua ambayo ingemwonya. Mikono yake ilikuwa sahihi. Nilimuunguza mimi, kisha nikampigia simu mwanawe nikamwambia mama yako hawezi tena. Nililia mpaka Sabuni akaja kubisha hodi, nikamdanganya kwamba nimeungua kidole.

Nilienda kumwona miezi miwili baadaye. Miezi miwili ni mingi kwa mtu mwenye jambo la kusema, najua. Kila Jumamosi nilijiambia wiki ijayo. Siku niliyokwenda nilikuwa nimeshalipanga neno kwa neno: nitaanza na kitambaa, kisha nitamwambia binti yake mbele yake, na kama atataka kurudi Ihumwa nitahamia upande wake wa nyumba niwe naye. Nilibeba zabibu, kwa sababu sikuweza kumpelekea chochote nilichokaanga.

Nyumba ya binti yake ni nzuri, ina vigae, ina maua kwenye makopo. Mama Mwenye Nyumba alikuwa barazani kwenye kochi, amefunikwa shali ingawa hapakuwa na baridi. Alikuwa amepungua. Nilipofungua geti hakuniita kwa jina. Nilifika mpaka miguuni kwake, nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akainua uso. "Ee! Masjala. Viatu vipya hivyo." Akacheka kidogo, nikacheka. Aliuliza habari za Sabuni, habari za bomba la maji, habari za upepo. Binti yake alituletea soda na zabibu zangu kwenye bakuli, akaingia ndani. Jikoni dada wa kazi alikuwa anakaanga kitu, na nilimwona Mama Mwenye Nyumba akiinamisha kichwa, akisikiliza. "Yanavuta sigara hayo," alisema taratibu. "Nimemwambia mara mbili. Mara ya tatu mwanangu akaniambia, Mama, pumzika." Aliunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya goti. Kovu lilikuwa jipya, la waridi. "Hili bado sijalipa jina. Nilishika kitambaa, mwanangu, naapa nilishika. Labda nilikifunga vibaya mwenyewe. Tangu siku ile siiamini mikono yangu. Hata kikombe nikishika, nauliza kama ni kikombe."

Neno langu la kitambaa lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikavuta pumzi, na katika ile kuvuta pumzi yeye akatangulia.

"Nikuulize," alisema, akipunguza sauti ili isifike ndani. "Nani alimpigia mwanangu simu?"

Nilijiandaa kwa kitambaa. Kwa simu sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeapa kwa Mungu mbele yake, njiani, bendeji ikiwa bado mbichi mkononi mwake. Nikasikia sauti yangu inasema, "Sijui, Mama."

Akaacha kutafuna zabibu. "Si wewe?"

"Si mimi."

"Kumbe." Aligeuza uso kuelekea nilipo, akaukosea kidogo, akawa anaongea na bega langu. "Mimi nilijua ni wewe. Siku zote hizi nilijua ni wewe, maana hapakuwa na mwingine aliyeona. Mwanzoni nilikasirika mpaka nikashindwa kusali. Nikianza Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe, naruka. Kisha nikajiambia, yule mtoto alikuwa na homa, akatoka kitandani kuja kunizimia moto kwa mikono yake. Aliogopa. Aliniogopea. Nikakusamehe, mwanangu. Ilinichukua muda, lakini nikakusamehe kabisa, na tangu hapo nalala. Leo nilipokusikia nikasema, ataniambia mwenyewe, nimwambie yameshaisha, tuendelee na mengine."

Ndani, binti yake alikuwa anacheka kwenye simu. Mama Mwenye Nyumba alipapasa bakuli, akapata zabibu, hakuitia mdomoni.

"Sasa kama si wewe," alisema, "nitamsameheje mtu nisiyemjua? Itabidi nianze upya."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ameniwekea msamaha pale, uko tayari, na kilichotakiwa ni neno moja. Lakini kulisema neno hilo sasa kulikuwa kumwonyesha kwamba nimemdanganya mara mbili nikiwa nimepiga magoti mbele yake, na baada ya hilo ningelisemaje la kitambaa? Nikamtazama usoni, mwanamke aliyenishika mkono, na nilichopata kumwambia ni, "Pole, Mama."

"Asante, mwanangu," akaitikia, akanipa ile zabibu.